Misumari Mdomoni

Siku Fundi aliposema neno lake jipya la kwanza tangu apate kiharusi, mkewe alikuwa nje kwenye benchi la korido ya kliniki, kapakata kofia ya mumewe, na neno lenyewe hakulisikia. Aliletewa habari tu, kama jirani. Mlango ulifunguka, akatoka yule mtaalamu wa matamshi, dada mwembamba mwenye viatu visivyolia, akasema huku uso umemchangamka:

"Mama, leo Mzee amesema 'maji'."

"Kasema nini?"

"Maji. Nimemwonyesha picha ya glasi, akaitazama, akasema. Safi kabisa."

Mke alishukuru, tena kwa maneno mengi. Hayo yalikuwa ya mdomoni. Moyoni alikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa wivu, wivu wa waziwazi, ule wa msichana aliyemwona mchumba wake akichekeana na mwingine dirishani. Maji! Ni nani aliyekuwa akimpa maji huyo mtu? Ni nani aliyemshikia glasi na kumfuta kidevu yalipochuruzika? Ni nani aliyembembeleza miezi yote hiyo aseme angalau "ma"? Na zawadi yenyewe mzee kaenda kumpa mtu ambaye hajawahi hata kumchemshia chai.

Walipofika nyumbani alimkalisha, akamvua viatu, akajitahidi kuilainisha sauti.

"Eti leo umesema maji?"

Fundi alimtazama kwa macho ya furaha. "Basi," akajibu.

"Sema na mimi nisikie."

"Basi. Basi, basi."

Hilo ndilo neno pekee ambalo kiharusi kilimwachia, na kwalo aliishi. Kulikuwa na "basi" ya njaa, "basi" ya kuomba dirisha lifungwe, "basi" ya kuchoshwa na wageni. Mke alizijua zote kwa mlio wake. Hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya, na alikuwa akijivunia mpaka siku ile ya maji.

Wawili hao walikuwa na karakana ya makochi, chumba kimoja kirefu kilichotazama barabara, chenye harufu ya gundi na sponji mpya. Kazi ya mkono ilikuwa ya Fundi, kazi ya mdomo ilikuwa ya mkewe. Hawakugawana hivyo kwa kikao. Fundi alikuwa na mazoea ya kujaza misumari midogo mdomoni wakati wa kuwamba kitambaa, ili mkono mmoja uvute nguo, mwingine ushike nyundo, na ulimi usukume msumari mmoja mmoja hadi kwenye midomo, uchukuliwe na nyundo yake yenye sumaku. Mtu aliyejaza misumari mdomoni hawezi kubishana bei na mteja. Anaguna tu, na mkewe alijifunza miguno yake kama mtu anavyojifunza njia ya kwao.

Mguno mfupi ulitaka mkasi. Mguno wa kupanda ulitaka uzi. Fundi akitazama dari, maana yake mteja huyu ni msumbufu, mtajie bei ya kumkimbiza. Mke alimkabidhi kitu kabla mguno haujaisha, na alimjibia wateja hata maswali ambayo Fundi mwenyewe hajayasikia. Wateja waliwapachika majina, mume Fundi Bubu, mke Spika. Walicheka wote wawili, maana wakati huo lilikuwa jambo la kuchekesha.

Kitu kimoja tu kilimkera Spika, nayo ni hiyo misumari. "Utameza," alimwambia akipita na ufagio. Alimwambia akipima kitambaa, alimwambia katikati ya maongezi na mteja bila hata kugeuza shingo: "Utameza wewe." Fundi alitikisa nyundo, akaendelea na kazi. Hakuwahi kumeza hata mmoja.

Hata asubuhi aliyoanguka, alianguka nayo mdomoni. Kochi la mteja lilikuwa juu ya meza, mgongo wake umewambwa nusu. Nyundo ilimponyoka mkono wa kulia, mdomo ukapinda upande mmoja, misumari ikaanza kumdondoka kidevuni. Spika alimlaza ubavu, akapitisha kidole mdomoni mwake, akaitoa yote huku akipiga mayowe ya kuita watu. Hospitalini walipompiga picha ya tumbo hawakuona kitu. Picha ya kichwa ndiyo iliyokuwa na habari. Mshipa ulikuwa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, upande ambao kwa watu wengi ndio unaoshughulika na maneno, na ndio unaoongoza mkono wa kulia. Mkono na maneno vilimtoka kwa pamoja.

Ajabu ni kwamba si maneno yote yaliyopotea. Ukianza kuhesabu, "moja, mbili," Fundi alidakia na kuendelea mpaka kumi bila kujikwaa. Akigonga kidole cha mguu kwenye kiti, tusi lilimtoka limenyooka. Lakini ukimwomba ataje kitu anachokiona mezani, alifungua mdomo, jasho likamtoka, kikaja kile kile: "Basi." Mtaalamu alieleza tangu siku ya kwanza kwamba maneno yaliyozoeleka kwa mpangilio mmoja yana njia yake kichwani, na neno la kutafutwa lina njia nyingine, na iliyobomoka kwa Fundi ni hiyo ya pili. Spika aliitikia kwa kichwa bila kusikia. Alikuwa akizitazama kucha za mtaalamu, jinsi zilivyopakwa rangi ya zambarau.

Baada ya "maji" mambo yakafunguka, na kila siku ya kliniki Spika aliletewa neno jipya koridoni. "Mlango." "Shati." "Kijiko." Mtaalamu alimpa kila neno kwa tabasamu, na kila tabasamu lilimwingia Spika kama sindano ya gunia. Nyumbani alifanya majaribio yake mwenyewe. Alimwinulia mumewe kijiko mbele ya pua na kumwambia, "Sema kijiko. Ki-ji-ko. Ki. Haya, sema ki." Fundi aligeuza uso ukutani.

Spika alitafuta sababu kila mahali. Labda ni sauti, akajaribu kusema polepole na kwa mapozi kama yule dada, mpaka Fundi akamtazama kwa wasiwasi, kama anayejiuliza huyu naye amepatwa na nini. Labda ni manukato. Siku moja alinunua rangi ya kucha, ile ile ya zambarau, akapaka mikono yote miwili na kumpelekea mumewe uji. Fundi aliziona. Mabega yakaanza kumtikisika, akatoa "basi" ndefu ya kicheko ambayo Spika hakuhitaji kutafsiriwa. Alizifuta siku hiyo hiyo kwa mafuta ya taa ya karakanani.

Wifi yake, dada wa Fundi, ambaye hakuwahi kuacha nafasi ya utani ipite, alipata habari na akaja kwa makusudi.

"Wifi, umri huu unamwonea wivu mwalimu wa maneno?"

"Simwonei."

"Kucha zako zinasema vingine."

"Wewe ungefanyaje?" Spika alimgeukia. "Mumeo akae kimya nyumbani kama gogo, halafu akaongee kwa mwanamke mwingine, mlango umefungwa, na wewe uko nje umeshika kofia?"

"Ningeshukuru anaongea."

"Mwongo wewe."

Wifi alifikiri kidogo. "Kweli, ningemnyang'anya kofia," akasema, na wote wawili wakacheka. Lakini alipoondoka, Spika alibaki kashika tama jikoni, na hakukuwa na cha kuchekesha.

Kisha likaja neno lililomtia wazimu. Mtaalamu alifungua mlango na kusema, "Mama, utafurahi. Leo ni 'kochi'."

Kochi! Neno lililowalisha, lililowasomeshea watoto mpaka wakaenda kujitegemea, neno ambalo yeye na mumewe walikuwa wamelilalia, wamelishonea na kulipigia misumari. Na hilo nalo limesemewa chumbani kwa watu. Njia nzima Spika hakufungua mdomo, jambo ambalo Fundi hakulizoea, akawa anamchungulia usoni. Walipoingia ndani alimwambia, "Kwangu basi, kwake kochi. Sawa. Endelea hivyo hivyo." Fundi alijaribu kumshika mkono. Aliutoa.

Siku ya kliniki iliyofuata, Spika alidanganya. "Leo hatuendi," alisema bila kumwangalia. "Mwalimu wako kasafiri."

Fundi alikuwa ameshavaa. Shati alikuwa amelifunga vifungo mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kimoja kimeruka tundu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni na kofia yake magotini, na Spika alipopita na ndoo, alimwonyesha mdomo wake kwa kidole, kisha akaonyesha barabara. Akarudia: mdomo, barabara. Hata mtoto angeelewa. Spika, ambaye maisha yake yote alielewa miguno ambayo haijatoka, alijifanya hamnazo. Alipitiliza na ndoo yake uani, akaimwaga, akaipindua, akakaa juu yake na kulia kwa hasira, hasira za kujichukia zikiwamo.

Safari iliyofuata alimrudisha. Alifika mlangoni kabla mtaalamu hajafungua kinywa.

"Leo naingia," alisema.

"Karibu, Mama. Nilikuwa nataka nikuombe."

Hilo nalo lilimkera, maana alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

Alitarajia kuona ufundi wa ajabu, mashine, dawa, au angalau macho ya kurembua. Hakuona lolote. Chumba kilikuwa na meza, viti na kabati. Mtaalamu alimwekea Fundi picha ya kikombe mezani, akamtazama usoni, akanyamaza. Basi. Alinyamaza tu. Fundi alikunja paji la uso. Midomo ilicheza. Saa ya ukutani ilisikika, mtu akakohoa chumba cha pili, na bado yule dada kakaa vile vile, mikono kapakata, hana haraka, kama mtu anayengoja maji yachemke. Spika alihisi nywele zinamsimama. Huyu mtu anateseka na wewe umekaa? Fundi alivuta pumzi, shingo ikamkaza, midomo ikaanza kujipanga, na Spika uvumilivu ukamwishia.

"Kikombe!" akasema.

Fundi aliachia pumzi yote. Mabega yalishuka, akaegemea kiti. "Basi," akasema kwa uchovu.

Mtaalamu aliigeuza picha ikalala kifudifudi.

"Uliona alikuwa amefika wapi, Mama?"

"Niliona anahangaika."

"Alikuwa anakuja nalo." Yule dada alisema bila ukali, na ndiyo maana iliuma. "Neno halikai mdomoni. Kabla hujasema kikombe, kichwa kinatambua kitu, kinatafuta jina lake katikati ya majirani zake, glasi, bakuli, chupa, kinapanga sauti ipi itangulie, ndipo kinautuma ulimi. Kwako na kwangu hayo huisha kabla hatujapepesa macho. Yeye barabara yake kubwa imefungwa, anapitia vichochoroni, kwa miguu. Na kadiri anavyopita, kichochoro kinapanuka. Ukimpa neno akiwa katikati, safari inaishia pale pale. Ya nini aendelee, na mzigo ameshaletewa?"

Spika alitazama mikono yake. Aliona stoo ya karakana, na Fundi akielekea kuchukua uzi, na yeye akimpokea mlangoni kwa uzi ule ule, kila mara, miaka yote, mpaka mtu akasahau stoo iko upande gani.

"Kwa hiyo anayemziba mdomo ni mimi."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema, lakini nimesikia."

"Wewe unamwelewa mno, Mama. Mimi simwelewi hata kidogo. Sijui anapenda nini, sijui anachukia nini. Ndiyo maana mimi inambidi aniambie."

Maneno hayo yalimwingia Spika kwa milango miwili. Alifurahi, afadhali hata mwenyewe kakiri kwamba hamjui. Na papo hapo alitaka kulia, kwa sababu kwa mara ya kwanza alitamani na yeye asingemjua.

Alikula kiapo cha kunyamaza, na kiapo kikafika mchana. Mezani mkono wa Fundi ulisogea tu, na Spika akaona mkono wake mwenyewe ukiwa tayari umempa chumvi. Siku iliyofuata alijitahidi zaidi, akauma midomo, akashika kiti, Fundi alianza "n... n..." na Spika akamalizia "ndizi" kabla hajajua kwamba ameongea. Wala haikuwa ndizi. Wifi aliposikia alisema, "Wewe kuambiwa unyamaze? Si bora wangekukataza kupumua." Spika hakukasirika. Alikuwa ameanza kuogopa. Akiendelea hivi, mumewe atajaa maneno, na yote yatakuwa ya korido.

Aliyewarudisha karakanani ni mteja. Alikuja na uso uliochoka kuuliza habari za kochi lake, lile la siku Fundi alipoanguka, na Spika akaona aibu. Asubuhi moja walifungua mlango, akapangusa vumbi, akamkalisha Fundi kwenye stuli yake karibu na meza. Kochi lilikuwa pale pale, mgongo nusu uchi. Spika alikuwa ameiona kazi hiyo maisha yake yote na hakuwahi kuifanya. Akavuta kitambaa kwa mkono mmoja, akashika nyundo kwa mwingine, na msumari ukawa hauna mkono wa kuushika. Akauweka mezani, ukabingirika. Akauchomeka kwenye kitambaa, ukaanguka. Alipoinama kuuokota, kitambaa kikamponyoka chote na ikambidi aanze upya.

Alisimama, akatazama kopo la misumari. Kisha akachota, akatia mdomoni.

Ilikuwa na ladha ya chuma na mafuta. Ulimi haukujua uende wapi. Lakini mikono ilikuwa huru, na baada ya kuhangaika kidogo msumari wa kwanza ukajitokeza kwenye midomo, akaunasa kwa nyundo, akaugonga, ukakaa. Wa pili ukapinda. Wa tatu ukakaa. Akaendelea, na karakana ikawa kimya, kimya ambacho hakikuwahi kuwamo humo akiwa amesimama ndani yake. Hapo ndipo alipofahamu kwamba mumewe huenda aliipenda misumari si kwa ajili ya kazi peke yake. Hilo nalo alimwonea wivu.

Akasikia stuli ikilia. Fundi alikuwa ameinama mbele, macho kayakaza usoni pake, na mkono wa kushoto umeinuka. Kichwa cha Spika kilikimbia kama kawaida. Anataka kusema nimelegeza kitambaa. Hapana, anataka nyundo. Hapana, kiu. Maneno yote matatu yalikuja mpaka kwenye meno yakakuta misumari. Angeweza kuitema. Aliihisi juu ya ulimi, baridi, akaifungia midomo.

"U..." akasema Fundi.

Akakwama. Shingo ilimkaza, mshipa wa paji ukasimama. Spika alisimama na nyundo yake mkononi, macho yakimtiririka machozi kwa kule kujizuia, akangoja.

"U... ta..."

Midomo ya Fundi ikafungana, ikabaki imefungana, ikafanya kazi yake mle ndani taratibu, kisha ikaachia.

"Utameza."

Spika aliinama, akatema misumari yote kiganjani. Alitaka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu aitwe Spika, hakukuwa na kitu. Katika kabati la yule dada hakukuwa na picha ya neno hilo. Hakuna mtu duniani aliyejua uzito wake ila watu wawili, na wote walikuwa humu ndani.

"Umesemaje?" aliuliza hatimaye.

Fundi alimtazama kama mtu anayesumbuliwa na mteja. Akalitafuta tena, na safari hii njia ilikuwa fupi kidogo.

"Utameza," akasema. "Wewe."

Kliniki iliyofuata waliingia wote wawili. Fundi alikuwa na kofia yake kichwani, na kifungo cha shati kimoja kimeruka tundu, maana Spika alikuwa amekiona na kukiacha. Mtaalamu aliwakaribisha, akatoa picha zake, kisha akauliza kama kawaida:

"Nyumbani je, kuna neno jipya?"

Spika alifunga midomo kabisa, kama aliyejaza misumari. Mtaalamu akamgeukia Fundi. Fundi alimtazama yule dada, akamtazama mkewe, akamtazama tena yule dada, na pembe moja ya mdomo, ile iliyokuwa bado inatii, ikapanda.

"Basi," akasema.

Mtaalamu hakuonyesha haraka. Alipakata mikono na kuwatazama kwa upole, akangoja, kama alivyozoea. Alingoja sana.